Mfuaji Aliyesahauliwa: Taswira ya Kuosha katika Alkemia

Ipo desturi katika uhakiki ambayo imeota mizizi kiasi cha kutotiliwa shaka: maji yanapotajwa katika matini, mhakiki huikimbilia nafsi. Walioathirika zaidi ni wanaalkemia wa Ulaya, warithi wa taaluma ya Waarabu, ambao kwao kuosha kulikuwa hatua ya lazima. Tangu Carl Jung achapishe Psychologie und Alchemie mwaka 1944, imekuwa kama sheria kwamba weusi ni giza la nafsi, weupe ni utakaso wake, na kuosha ni njia ya kutoka huku kwenda kule.

Usomaji huo unabomoka mbele ya matini yenyewe. Katika Atalanta fugiens, kitabu cha Michael Maier chenye taswira 50 kilichotolewa Oppenheim mwaka 1617, taswira ya tatu inamwagiza mtafutaji amwendee mwanamke afuaye nguo, kisha atende kama atendavyo yeye. Maier anaeleza kwamba uchafu wa udongo huondolewa kwa maji; nguo huanikwa hewani, na joto la jua, kama moto, hufyonza unyevu pamoja na taka zilizosalia. Elementi zote nne zimo katika kazi ya mwanamke huyu. Yeye ndiye mwalimu, na msomi ndiye mwanafunzi. Uhakiki wa kinafsi umeyapindua mahusiano haya: umemfanya mwalimu kuwa kivuli cha fikra za mwanafunzi wake.

Ushahidi wa maabara unaunga mkono jambo hilihili. George Starkey, aliyefariki London mwaka 1665, alichanganya zebaki na antimoni, akausaga mchanganyiko huo na kuuosha kwa maji ili kuondoa unga mweusi uliojitokeza, kisha akairudia kazi hiyo tena na tena. Weusi huo ulionekana kwa macho na ukashikika kwa mikono. Lawrence Principe na William Newman, walioupinga msimamo wa Jung bayana mwaka 2001, wameonyesha kuwa lugha ya mafumbo mara nyingi ilificha maelekezo ya kazi halisi.

Yamkini atatokea wa kuuliza: je, Rosarium philosophorum ya mwaka 1550 haionyeshi umande ukishuka juu ya maiti ili kuitakasa? Inaonyesha, na hakuna haja ya kukana kwamba wanaalkemia walikuwa watu wa dini. Lakini ishara hiyo inapata nguvu kwa sababu msomaji wake alijua jinsi doa linavyong'ang'ania kitambaa. Anayeiondoa kazi anaiacha ishara bila mashiko.

Mhakiki anayeandika kwa Kiswahili hana udhuru wa kulirudia kosa hili. Lugha yake inatenganisha kunawa, kuoga, kutawadha, kuosha na kufua. Tena kitenzi kufua kinamhusu anayesafisha nguo na vilevile anayeponda chuma au dhahabu. Maier hakukijua Kiswahili, na ulinganifu huu si ushahidi wa kihistoria. Hata hivyo, unamkumbusha mhakiki kwamba kitenzi alichonacho kinadai mikono, jasho na kurudia. Anapokitafsiri upesi kuwa utakaso wa nafsi, anamfukuza mfuaji kutoka katika taswira yake mwenyewe, na kudai kwamba maarifa ni mali ya wasiofua.