Zahanati ya Kale ya Unguja

Juma hili, wasomaji wetu, twavuka hadi Unguja, ukingo wa Mizingani, mbele ya bandari. Hapo pana jengo ambalo msafiri ashukaye melini hawezi kulikosa: roshani za mbao zilizochongwa mfano wa darizi, vioo vya rangi, na ndani ua uliozungukwa na vyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba zetu za Mombasa na Lamu. Mapambo ndiyo ya Kihindi, kwani fundi wake mkuu, Hashem Virjee Patel, aliletwa kutoka Kutch.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri aliyesimamia forodha ya Sayyid Barghash. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka wa yubile ya Malkia Victoria, na nia ilikuwa hospitali ya kuwatibu maskini bila malipo. Topan akafariki mwaka 1891, kazi ingali haijesha. Jengo likakamilika mwaka 1894; hospitali aliyoikusudia haikupata kufunguliwa. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa jina la wakfu wa Haji Nasser Nur Mohamed: chini ikawekwa zahanati, juu wakakaa wapangaji. Nasi hatuachi kujiuliza: uzuri wote ule, na mgonjwa akaishia ghorofa ya chini!

Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa likachakaa, hadi wakfu wa utamaduni wa Aga Khan ulipolikarabati miaka ya 1990. Leo halitibu mtu, ila jina la zahanati halijabanduka. Atakayevuka na asimame pale alasiri, jua likizipiga roshani.