Tuipime Milima kwa Maji Yake

Mwulize mwanafunzi yeyote mlima mrefu kuliko yote duniani, naye atajibu bila kusita: Everest, mita 8,848. Ataendelea: Aconcagua wa Amerika ya Kusini, mita 6,961; Denali wa Marekani, mita 6,190; Kilimanjaro wetu, mita 5,895. Majibu hayo ni sahihi, na fahari tuliyo nayo juu ya Kilimanjaro ni ya haki. Ndiko Mwenge wa Uhuru ulikowashwa Desemba 1961.

Lakini mwulize mwanafunzi wa Morogoro kimo cha milima anayoiona kupitia dirisha la darasa lake. Huenda akanyamaza. Kilele cha Kimhandu, kilicho kirefu kuliko vyote vya Uluguru, hufikia kiasi cha mita 2,630 tu. Hata nusu ya Kilimanjaro hakifiki. Kwa orodha za vitabuni, Uluguru si kitu.

Orodha hizo hupima kutoka usawa wa bahari. Everest umesimama kando ya nyanda za Tibet, ambazo zenyewe zimepita mita 4,000. Morogoro mjini ni kiasi cha mita 500, na kilele cha Lupanga huinuka juu ya mji kwa zaidi ya mita 1,500. Ukuta huo hupandisha pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, zikapoa na kuleta mvua. Humo ndimo unamozaliwa mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji. Oktoba 2022, maji ya Ruvu yalipopungua, jiji zima liliingia katika mgao. Siku hiyo hakuna aliyeuliza Everest una mita ngapi.

Misitu ya Uluguru ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Hilo ni jambo jema, ila tangazo peke yake halitoshi. Tukumbuke kuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 walikataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Udongo haukuokolewa kwa amri.

Anayekunywa maji yuko Dar es Salaam. Anayeombwa asilime mteremkoni yuko Matombo na Kinole. Si haki mmoja anufaike na mwingine abebe mzigo peke yake. Basi watumishi wa umma wapande milimani wakamsikilize mkulima, wampelekee bwana shamba, miche na njia ya kufikisha karafuu na ndizi zake sokoni.

Nanyi ndugu walimu, endeleeni kufundisha vimo vya milima ya dunia. Kisha watoeni wanafunzi nje, muwaonyeshe Lupanga, na muwaulize maji wanayokunywa yanatoka wapi.