Msitu Hautazamwi Kutoka Barazani

Wako watu wasemao kwamba mgeni afikaye katika msitu wa Kakamega hana haja ya kiongozi. Njia zipo, husema. Vibao vimepigwa misumari kwenye miti. Mwenye macho na ajionee mwenyewe. Wengine, waliojenga nyumba za wageni kandokando ya misitu yetu ya nyanda za juu, huona kwamba hata njia zenyewe ni ziada tu: mgeni akishapewa kiti barazani, na kikombe cha chai, na mbega wa kutazama, amekwisha kuuona msitu. Mimi nasema kwamba watu hawa wote wamekosea, na kosa lao lina madhara.

Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mwisho, upande wa mashariki, ya msitu mkuu wa mvua ambao zamani ulitandaa kutoka Kongo. Uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na mito ya Isiukhu na Yala hupita ndani yake. Serikali iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1933, na sehemu ya kaskazini ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Aina za ndege zilizoonekana humo zapita 300. Lakini ndege hao hawaji barazani kunywa chai.

Asubuhi moja niliingia msituni humo pamoja na kijana mzaliwa wa kijiji cha jirani. Alisimama ghafla, akainua kidole. Mimi sikusikia ila kelele za ndege, kama zile nilizozisikia tangu alfajiri. Yeye alisikia siafu. Yaani, alisikia ndege wa aina mbalimbali wakilia mahali pamoja, karibu na ardhi, naye alijua kwamba ndege hao huufuata msafara wa siafu ili wawale panzi na buibui wanaoukimbia. Tukanyata, tukawaona. Ni kibao gani kingaliweza kunionyesha jambo hilo? Siafu hawana anwani.

Hata hivyo simtetei kiongozi kwa sababu ya furaha ya mgeni. Namtetea kwa sababu ya msitu. Mtu apitaye njia ile ile kila siku huijua kama aujuavyo ua wa nyumbani kwake. Mti ukikatwa usiku, yeye huona kisiki asubuhi. Mtego wa waya ukitegwa, huutambua. Moshi wa tanuri la mkaa ukipanda, hujua umetoka bonde gani. Chukua mti uitwao mwiritsa. Gome lake hutengenezwa dawa ya maradhi ya tezi dume, na biashara yake baina ya mataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995. Mwenye tamaa hulichuna gome kuzunguka shina lote, nao mti hufa ungali umesimama. Mgeni apitaye peke yake haoni neno, maana majani bado yako juu. Kiongozi huona, na habari humfikia askari wa msitu siku hiyo hiyo.

Tena yeye ndiye mlinzi wa njia yenyewe. Wageni wasio na mwenyeji hutawanyika; huyu akwepa tope, yule afuata kipepeo, na haupiti muda ujia mwembamba umekuwa barabara. Udongo uliokanyagwa hushupaa, maji ya mvua hayanywewi tena bali hutiririka yakichimba mifereji. Jua hupenya mahali lisipokuwa likipenya, na mipera, ambayo si miti ya asili ya msitu huu, hushika nafasi.

Je, yule akaaye barazani si afadhali, maadamu hakanyagi kitu? La hasha! Tutoke Kakamega kidogo, tuangalie msitu wa Nyandarua, ambako hoteli ya Treetops ilijengwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo. Iliteketezwa mwaka 1954 wakati wa vita vya Mau Mau, ikajengwa tena mwaka 1957. Huko, ili mgeni asiwafuate wanyama, wanyama waliitwa kwa mgeni, kwa chumvi na kidimbwi cha maji. Ndovu waliitika wito kwa wingi, wakavunja na kubambua miti iliyoizunguka hoteli, hata mahali palipokuwa msitu pakawa uwanda.

Ati ada ya kiongozi humfukuza mgeni maskini! Hoja hii ina uzito, lakini hutolewa na nani? Mara nyingi hutolewa na mwenye nyumba ya wageni ambaye haoni haya kutoza chumba bei kubwa, ilhali kiongozi humwacha langoni bila mshahara, akitegemea bahashishi. Na yule mama atokaye kijijini na mzigo wa matawi makavu kichwani, aliolipia kibali, atauheshimuje msitu ambao faida yake huishia barazani? Sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile ya mwaka 2016, ziliwapa wanavijiji nafasi ya kushiriki katika utunzaji kwa vyama vyao; lakini ushiriki usioleta unga nyumbani ni jina tupu.

Nanyi wanafunzi hamkutendewa vema. Mwaletwa kwa basi, watoto sitini kwa mwalimu mmoja, mwapigiwa filimbi, mwapita mbio, kisha mwarudi langoni kununua mukombero wa kutafuna njiani. Nataka watoto hao sitini wagawanywe makundi sita, kila kundi na kiongozi wake, na ada yao itolewe katika fedha za vyumba vya wageni. Mwenye hoteli atakayenijibu kwamba jambo hilo litampunguzia faida, namwomba aondoke barazani asubuhi moja tu, avae viatu vya mpira, amfuate kijana yule hadi kwenye mwiritsa uliochunwa, kisha anieleze wageni wake watatazama nini miti hiyo ikiisha.