Mkono Unaanzia Wapi? Maoni Kuhusu Istilahi za Anatomia

Neno mkono ni miongoni mwa maneno anayojifunza mwanzo kabisa mwanafunzi wa Kiswahili, na ni miongoni mwa yale yanayomsumbua zaidi mfasiri wa matini za tiba. Katika matumizi ya kawaida hutaja kiungo kizima, kuanzia begani hadi ncha za vidole. Hutaja pia sehemu ile tu tunayopeana katika salamu. Na katika upimaji wa nguo hutaja urefu unaoanzia kiwikoni. Mazungumzo ya kila siku hayadhuriki kwa jambo hili, kwani muktadha hutosha. Anayeambiwa anawe mikono kabla ya kula hafiki kwapani. Matini za tiba hazina bahati hiyo.

Tuchukue mfano wa chanjo ya BCG, inayowakinga watoto na kifua kikuu. Nchini Kenya chanjo hiyo kwa desturi huchomwa mkono wa kushoto, baina ya kiwiko na kitanga. Nchini Tanzania huchomwa mkono wa kulia, karibu na bega. Mahali pote pawili husemwa kwamba mtoto amechanjwa mkononi, na pote pawili kauli hiyo ni sahihi. Lakini mhudumu anayemkagua mtoto aliyevuka mpaka bila kadi, naye amesoma tu kwamba kovu huonekana mkononi, atatazama mahali alipozoea, asilione, na yamkini akaamua kwamba mtoto hakuchanjwa. Vivyo hivyo, mgonjwa anayepewa kipimo cha shinikizo la damu akaambiwa afunge mkanda mkononi anaweza kuufunga popote. Kuhusu mgonjwa asemaye kwamba amevunjika mkono, daktari hana la kuandika mpaka amwonyeshe kwa kidole.

Kutokana na hali hii wako wanaohitimisha kwamba lugha yetu ni maskini katika uwanja huu, na kwamba hapana budi kutohoa kila kitu. Hatukubaliani na hitimisho hilo, na ushahidi wetu hatuutoi katika vitabu vya tiba bali katika vipimo vya kale vya mwambao. Shibiri ni urefu wa kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kitanga kikiwa kimetanuliwa. Shibiri mbili ni dhiraa moja, yaani kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Ngumi ikifungwa tunapata dhiraa konde, ambayo ni fupi zaidi. Dhiraa mbili ni wari, na dhiraa nne ni pima. Jamii iliyotofautisha dhiraa na dhiraa konde haiwezi kudaiwa kwamba iliuona mkono kama gogo moja. Iliugawa kwa makini, ila iliugawa kwa ajili ya kupima nguo na kamba, si kwa ajili ya kutibu.

Maneno ya viungo vyenyewe nayo yapo. Mtulinga ni ule mfupa wa mbele unaounganisha bega na kidari. Kombe la mkono ni mfupa bapa ulio nyuma ya bega. Maneno haya yamo katika kamusi zetu, lakini ni nadra kuyakuta katika vijitabu vya afya, ambavyo hupendelea maelezo marefu kama 'mfupa wa begani', yanayoweza kuhusishwa na yote mawili.

Wanaopinga maneno ya aina hii aghalabu husema kwamba hayana hadhi ya kisayansi. Dai hili linashangaza mtu anapotazama asili ya istilahi wanazozitukuza. Klavikula kwa Kilatini ni ufunguo mdogo. Radiasi ni spoki ya gurudumu. Mojawapo ya mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono imeitwa kwa kufananishwa na njegere. Ulna maana yake ni kiwiko, na tena lilikuwa jina la kipimo cha urefu! Hapo Kilatini kilifanya jambo lile lile lililofanywa na Kiarabu katika neno dhiraa, ambalo huko hutaja kipimo na vilevile sehemu ya mkono inayotumika kupimia. Sisi tulilipokea neno hilo kwa maana yake ya kipimo. Hatuoni sababu ya kutolipanua lishike maana ya pili, sehemu yote iliyo baina ya kiwiko na kifundo. Kupanua maana ni mbinu inayokubalika. Imejadiliwa katika *Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili*, kilichotolewa na TUKI mwaka 1992, na imetumika katika nyanja nyingi.

Sehemu hiyo ndiyo inayohitaji istilahi thabiti kuliko nyingine zote. Kwa hesabu ya kawaida kila upande wa mwili una mifupa 32 ya kiungo cha juu, na 27 kati yake imo katika kifundo, kitanga na vidole. Lakini kazi ya kugeuza kitanga hutegemea miwili iliyo katika dhiraa. Mtu anayeomba dua huelekeza viganja juu, na mifupa hiyo miwili hulala sambamba. Akivigeuza chini, kama asukumaye chapati, mfupa wa upande wa gumba humpita mwenzake kwa mshazari, ilhali ule wa upande wa kidole cha mwisho karibu haubanduki mahali pake. Mtu anapoanguka akajikinga kwa kitanga, ni ule wa kwanza ambao mara nyingi huvunjika, karibu na kifundo. Mwanafunzi akiambiwa 'mfupa wa gumba wa dhiraa' atajua mara moja upande. Akiambiwa 'radiasi', atakariri.

Hatusemi kwamba utohozi utupwe. Ile mifupa 8 ya kifundo haitajwi na mgonjwa yeyote, na majina yake yakitoholewa hayatamdhuru mtu. Madai yetu yanahusu sehemu ambazo mgonjwa mwenyewe huzitaja au huagizwa azishike.

Kuhusu sehemu iliyo baina ya bega na kiwiko ugumu ni mkubwa zaidi. 'Mkono wa juu' haufai, kwa kuwa waandishi wengine hulitumia fungu hilo kwa kiungo kizima, kinyume cha mguu. Tungependekeza tafu la mkono, neno tafu likiwa tayari linatumika kwa mnofu wa mguu na wa mkono. Ila tunakiri kwamba vijana wengi hawalijui. Na kiwiko chenyewe si salama. Wapo wasemaji wanaokitaja kwa maana ya kiungo cha katikati ya mkono, wapo wanaokusudia kile kinachotangulia kitanga, na kipo pia kiwiko cha mguu. Dhiraa haiwezi kufafanuliwa kabla neno hili halijasanifishwa, na kwa mtazamo wetu uchunguzi wa lahaja ungefaa uanzie hapo, Lamu hadi Mtwara, mtafiti akiuliza swali moja tu na msemaji akijibu kwa kugusa.