Mausi inaganda? Usikimbilie kupiga Windows upya

Najua nimepotea, na wapo walionitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa napambana na mausi.

Ndiyo, mausi. Cheka kwanza umalize, halafu nikusimulie jinsi kadude hako kalivyonigharimu kazi ya wiki mbili na nusura kanigharimu na rafiki.

Wengi mnaifahamu ile kompyuta yangu ya mezani, mtumba wa Kariakoo, niliyoinunua kwa bumu la mwaka wa pili wakati wenzangu mnanunua simu. Mliicheka sana siku naipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, ila usiku wa asainimenti wote mnajifanya mmepita kunisalimia tu. Muuzaji alinipa kama nyongeza kibodi na mausi visivyo na waya. Vyote viwili vinatumia risiva moja, kale kadogo kama ukucha kanakochomekwa kwenye tundu la USB. Nikakachomeka mbele ya kasha maana ndiko mkono unakofika, na mwaka mzima sikuwa na la kulalamika.

Muhula huu mambo yakabadilika. Mausi ikaanza kuwa nzito. Unaisukuma, mshale umekaa palepale, halafu ghafla unaruka hadi kona ya pili kama panzi. Kibodi ndiyo ilikuwa kichekesho zaidi. Naandika "utafiti" inatoka "utafti", mara herufi moja inang'ang'ania, napata "utafitiiiiiiiiiiii" mpaka mwisho wa mstari. Na huu si muhula wa kuchezea, ni muhula wa ripoti ya utafiti. Nilikuwa naingiza kwenye kompyuta majibu ya madodoso 112 niliyoyasambaza mwenyewe kwa miguu yangu, jua la saa nane. Ukiwa unaingiza namba na kibodi inarudia namba, 2 inakuwa 222, basi hiyo si data tena.

Nikabadilisha betri. Hamna kitu. Nikatandika daftari chini ya mausi, maana nilisikia meza inayong'aa inaichanganya (na ni kweli, mausi ya mwanga haipendi kioo). Hamna kitu. Halafu nikagundua jambo ambalo niliona ni la kiupelelezi kabisa: mausi inaugua pale tu rumumeti wangu anapochomeka eksteno yake, ile diski ya nje aliyojaza tamthilia. Akiichomoa, mausi inapona. Akiirudisha, mausi inaganda. Nilijaribu mara tatu, majibu yaleyale.

Sasa wewe ungesema nini? Mimi nilisema virusi. Na sikusema kwa upole. Nilisema mbele ya watu wa chumba cha jirani kwamba eksteno yake imezunguka hosteli nzima kama kikombe cha msibani na sasa imeniletea ugonjwa. Akaniambia, "Shoga, mimi diski yangu naiskani kila wiki." Nikamjibu kwamba aliyeiba naye husema hakuiba. Akanyamaza, akachomoa diski yake, na kuanzia siku ile akawa anaangalia tamthilia zake chumba kingine.

Nikampelekea fundi. Fundi hakuiwasha hata dakika tano. "Dada'ngu, hii ni virusi, tunapiga Windows upya, elfu ishirini na tano." Nikakubali. Akaniuliza kama kuna kitu cha muhimu kwenye diski D, nikamwambia hakuna, vitu vyangu viko kwenye skrini ile ya mwanzo. Wajuaji mmeshashika vichwa. Vitu vya kwenye skrini ya mwanzo vinakaa C, na C ndiyo iliyofutwa. Madodoso 74 niliyokuwa nimeshaingiza yakaenda na maji. Kosa la fundi? Nusu yake. Nusu yangu.

Basi nikapata akili ya kuchelewa, nikaenda kununua eksteno yangu mwenyewe ili nisipoteze tena. Mpya, ya kwenye boksi, nimeichana nailoni kwa meno. Nikaichomeka kwenye kompyuta yenye Windows mpya kabisa, nikaanza kunakili kazi kidogo niliyokuwa nimeirudia...

Mausi ikaganda.

Jamani, nilikaa nikaitazama ile diski tupu. Haijawahi kuguswa na mtu. Virusi gani tena? Hapo ndipo nilipojua kwamba nimemtukana mtu bure.

Aliyenitoa gizani ni dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, anasoma uhandisi wa mawasiliano, alikuja kuprinti. Hakugusa chochote. Aliuliza tu risiva iko wapi na diski imechomekwa wapi. Nikamwonyesha: zimebanana mbele ya kasha, tundu kwa tundu, na yote mawili yana ulimi wa bluu ndani. Akacheka. Akatoa kwenye begi lake waya mfupi wa kurefushia USB, akachomeka risiva kwenye ncha yake, akaiweka juu ya meza karibu na mausi. Mshale ukaanza kuteleza kama umepakwa mafuta, na diski inaendelea kunakili. Sekunde kumi.

Maelezo yake ni haya, na baadaye niliyasoma mwenyewe nikayakuta hivyohivyo. Mausi na kibodi za aina hii huongea na risiva kwa redio, kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Sasa lile tundu la bluu mara nyingi ni USB 3.0, ambayo hupitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, wakati ile ya zamani, 2.0, huishia milioni 480. Umeme unaokimbia kwa kasi hiyo ndani ya waya na plagi huvuja kelele ya redio, na kelele hiyo imetapakaa eneo pana, pamoja na palepale kwenye 2.4. Mnaikumbuka redio ya bibi kijijini, pikipiki ikipita inakoroma? Ndiyo hiyo. Risiva yangu ilikuwa inajaribu kusikiliza mausi huku imekaa sikio kwa sikio na mashine ya kusaga. Ujumbe unapotea, mausi inautuma tena, na wewe unaona mshale umeganda. Kwa kibodi, ukipotea ule ujumbe wa "kidole kimeinuliwa", kompyuta inadhani bado umebonyeza. Ndiyo ile "iiiiiiii".

Kwa hiyo diski ya rumumeti kweli ndiyo iliyokuwa inasababisha. Ila haikuwa na kosa, na yeye hakuwa na kosa. Hicho ndicho kinachoniuma. Ushahidi wangu ulikuwa sahihi kabisa, hukumu ndiyo ilikuwa ya uongo. Nilijaribu mara tatu nikapata jibu lilelile, na bado nikakosea, kwa sababu sikujiuliza kama kuna njia nyingine ambayo diski safi inaweza kusumbua mausi. Kujaribu diski nyingine ilikuwa kazi ya dakika moja. Kuhamisha risiva kwenye tundu la nyuma, dakika moja. Nilichagua kugombana.

Na hapa nina ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni mafundi wetu. Siwachukii, wengi wanatuokoa, lakini hii tabia ya kila ugonjwa dawa ni kupiga Windows upya ituishe. Ni sawa na zahanati ambayo ukikohoa malaria, ukijikwaa malaria. Fundi angeazima mausi ya waya ya elfu saba akaichomeka, angejua papo hapo. Mausi ya waya nayo ikiganda, basi tatizo ni kompyuta yenyewe, imezidiwa na programu au diski inakufa. Mausi ya waya ikienda vizuri, Windows haina kesi, tatizo liko hewani au kwenye betri. Jaribio moja tu, kabla ya kufuta jasho la mtu.

Wa pili ni watengenezaji na wauzaji. Jambo hili si siri. Intel walitoa maandishi yao kuhusu kelele hii mwaka 2012, wakaeleza inavyosumbua vifaa vya 2.4, mausi isiyo na waya ikiwemo, na wakashauri risiva iwekwe mbali na vifaa vya USB 3.0 na plagi zizibwe vizuri kwa chuma. Miaka yote hiyo, na bado unanunua kasha lenye matundu mawili ya bluu yaliyobanana kama abiria wa daladala, na risiva fupi isiyo na waya wa kurefushia, na karatasi ya maelekezo ina lugha kumi na mbili na hakuna hata moja iliyonionya. Baadhi ya kampuni huweka kiwaya kwenye boksi. Tukipata mtumba, kile kiwaya kimeshapotea zamani.

Najua kuna mtakaosema si ununue vya waya uishi kwa amani. Mna haki, na kwa siku za kuingiza data sasa naweka mausi ya waya kwenye droo. Ila meza yangu ni ndogo, naandikia kitandani kibodi ikiwa mapajani, na hiyo raha sijawa tayari kuiacha.

Kwa wale ambao hamtumii eksteno na bado mausi inakwama, angalieni pia hewa ya chumba. Usiku kwenye hosteli yetu kila simu imewasha hotspoti, na nyingi ziko kwenye 2.4 ileile, simu nyingi za sasa zinakuruhusu kuhamia 5, hamieni, mtatusaidia wote. Kasha la chuma likikaa kati ya mausi na risiva ya nyuma, nalo linaziba. Na ikiwa mausi inalala ukiiacha kidogo halafu inachelewa kuamka, hiyo inaweza kuwa Windows inabana umeme: ingia kwenye Device Manager, tafuta vifaa vya USB, sehemu ya umeme, ondoa ile tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa. Lakini badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano na mausi ikapona, utabaki hujui kilichokuponya, na kesho utanunua vyote vitano tena.

Waya wangu nimeununua elfu tatu. Elfu tatu! Betri, fundi, wiki mbili za madodoso, na dawa ilikuwa waya usiofika hata mita moja.

Kwa rumumeti nilienda jana. Nilimkuta anafua. Nikamweleza yote, mashine ya kusaga, pikipiki na redio ya bibi. Alinisikiliza akiwa anasuuza shuka, hakusema kitu mpaka alipolikamua. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ulienda kwa dogo wa mwaka wa kwanza ndiyo ukaamini?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nilikwambia siku ya kwanza." Sikuwa na la kujibu, nikashika upande wa pili wa shuka tukaanika. Usiku alirudi na eksteno yake, akaichomeka kwenye tundu la nyuma bila kuniangalia, akaweka tamthilia.

Madodoso yamebaki 31. Msimamizi anataka sura ya nne Ijumaa. Naona giza la TANESCO linanukia, ngoja nihifadhi kazi, mara mbili.