Kabla ya Kumnunulia Mashine, Mpeleke kwa Mhunzi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, kila matokeo ya mitihani yanapotoka maneno majumbani mwetu huwa ni yale yale. Aliyefaulu anatafutiwa shule, na aliyeshindwa anatafutiwa "kazi yoyote ile". Lakini kijana akisema kwa hiari yake kwamba anataka kujifunza kufua chuma, nyumba nzima hushtuka. Mama husema mwanangu atakuwa mweusi kwa masizi. Baba husema hiyo ni kazi ya waliokosa. Wengine hukubali, kisha wakakimbilia kukopa pesa za mashine ya kuchomelea, wakidhani kazi imekwisha.

Sisi tunaona pande zote mbili zimekosea njia. Uhunzi si kazi ya kuonea haya, wala hauanzi kwa kununua mashine. Unaanza kwa kukaa na mzee anayeujua, kwa masharti yaliyo wazi, mbele ya moto mdogo.

TUANZE NA DHARAU

Wapo wanaoitetea dharau yao kwa dini. Wanaitaja Hadithi mashuhuri iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo rafiki mwema amefananishwa na muuza miski na rafiki mbaya amefananishwa na mwenye kuvukuta moto wa mhunzi. Hadithi hiyo inazungumzia urafiki, haikuharamisha kazi ya mtu wala kuitia aibu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliingia nyumbani kwa mhunzi. Mwanawe mchanga, Ibrahim, alikuwa akinyonyeshwa katika nyumba ya Abu Sayf, mhunzi wa Madina. Anas (r.a.) amesimulia kwamba nyumba ilikuwa imejaa moshi wa mivukuto, naye akatangulia mbele kumwambia mwenye nyumba asimamishe kazi kwa kuwa mgeni amefika. Je, Mtume (s.a.w.) angemwacha mwanawe katika nyumba ya watu duni?

Tumkumbuke pia Nabii Daud (a.s.), ambaye Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akawa anatengeneza mavazi ya vita, na Hadithi inamtaja kwa kula kutokana na kazi ya mikono yake. Na Khabbab bin al-Aratt (r.a.), miongoni mwa waliotangulia kusilimu, alikuwa mhunzi wa Makka. Al-As bin Wail alikataa kumlipa deni la kazi yake mpaka aikanushe dini. Khabbab alikataa, na kisa hicho ndicho sababu ya kushuka aya zilizomo katika Surat Maryam.

Hata kwa mababu zetu wa nchi za Maziwa Makuu, mhunzi hakuwa mtu wa nyuma. Nyundo ilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Huko Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 jinsi wazee walivyokuwa wakiyeyusha chuma kwa mkaa na mivukuto, ujuzi wenye historia ndefu mno. Basi hii dharau tumeitoa wapi?

KWA NINI SI MASHINE KWANZA

Kuchomelea ni kazi nzuri na ya halali. Pita Katwe mjini Kampala au Buyenzi mjini Bujumbura uone mafundi wanavyolisha familia zao kwa chuma. Lakini mchomeleaji anaunga vipande vilivyokwisha kutengenezwa. Mhunzi anakibadilisha chuma chenyewe: anakirefusha, anakikunja, anakitoboa, anakitia ugumu na makali. Umeme ukikatika, mchomeleaji anakaa kivulini na mhunzi anaendelea.

Na mahitaji tunayo sisi wenyewe. Jembe linavunjika shingo, shoka linakuwa butu, tindo ya mwashi inapinda. Siku ya Idi ya kuchinja inapokaribia, nyumba nyingi zinahangaika kutafuta kisu kizuri, na kinachopatikana dukani kinapoteza makali kabla ya mnyama wa pili. Wakati huo huo springi za magari zimelala kwenye vyuma chakavu, nazo ni chuma bora cha visu. Kinachopungua ni mikono inayojua.

Kijana aliyeujua moto kwanza atakuwa mchomeleaji bora akipenda baadaye. Ama aliyeanza kwa mashine ya mkopo, kila mwezi analipa deni la kitu asichokielewa.

AANZE NA NINI HASA

Kwa kuanzia hahitaji mengi. Rimu kuukuu ya gari, ikipakwa ndani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, inatosha kuwa kalibu. Bomba la chuma lipitishe hewa kutoka kwenye mivukuto au feni ndogo. Moto ni wa mkaa. Fuawe yake iwe kipande cha reli kilichofungwa imara juu ya gogo, na urefu wake ufike kwenye ngumi anaposimama wima akiwa ameshusha mkono. Kiuno kitamshukuru. Nyundo ya kilo moja hivi inatosha, maana nyundo nzito kwa mgeni humchosha na kuharibu shabaha. Aongeze koleo, tupa, ndoo ya maji na ndoo ya mchanga.

Kazi ya kwanza isiwe kisu. Kila kijana anataka kisu, au upanga kabisa! Aanze na kipande cha chuma laini cha milimita 10 au 12, akichonge ncha kwa nyundo peke yake. Kisha akifanye cha pembe nne, kisha akikunje kiwe ndoano ya kutundikia mitungi. Akizitengeneza ndoano ishirini zinazofanana, ndipo mkono umeanza kusikia. Baada ya hapo tindo, na kisu mwisho.

Kitu cha kujifunza kwa macho ni rangi. Chuma cha rangi ya chungwa kuelekea manjano kinakubali nyundo. Kikirudi kwenye wekundu uliofifia, arudishe motoni, kwani kukilazimisha ni kukitia nyufa. Kikianza kurusha cheche nyeupe kikiwa ndani ya moto, kinaungua. Na katika kutia ugumu wazee wana hekima iliyo sahihi kabisa: kisu cha springi kikifikia joto ambalo sumaku haikivuti tena, yaani nyuzi 770 hivi za Selsiasi, kiko karibu na wakati wake. Kipate joto kidogo zaidi, kisha kizamishwe kwenye mafuta, kwa maana maji yanaweza kukipasua. Halafu kipashwe moto tena taratibu mpaka uso uliosuguliwa uwe na rangi ya majani makavu. Bila hatua hiyo ya mwisho kitavunjika kama kioo.

USALAMA, WAZAZI TUSIKILIZANE

Avae pamba. Nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kanzu na mtandio unaoning'inia havifai mbele ya moto, na binti anayejifunza afunge mtandio wa pamba vizuri na kuuingiza ndani ya nguo. Avae miwani ya kukinga macho na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Asifanye kazi katika chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa ya mkaa huua bila harufu.

Asiweke motoni bati wala bomba lililopakwa zinki. Moshi wake huleta homa na kubana kifua. Na kifaa chochote cha gari kilichozibwa pande zote, chenye mafuta au gesi ndani, kisikaribie moto kamwe, kitalipuka.

Kuhusu umri, Mkataba namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1999, ambao tangu 2020 umeridhiwa na nchi zote wanachama, unakataza aliye chini ya miaka 18 kuingizwa katika kazi za hatari. Hivyo mwanafunzi mdogo aende kutazama, kuchora na kupanga vyombo siku asizosoma. Uhunzi usiwe kisingizio cha kumtoa mtoto shule.

MAKUBALIANO YAANDIKWE

Hapa ndipo pana donda, na tuseme ukweli. Tumewaona vijana waliovukuta moto wa watu kwa miaka miwili bila kushika nyundo hata siku moja. Wanafagia, wanabeba mkaa, wanatumwa chai, na mwisho wanaambiwa hawana akili ya kazi. Huo si uanagenzi, ni dhulma. Kisa cha Khabbab kinatosha kutukumbusha uzito wa haki ya fundi, na mwanagenzi naye ni fundi anayekuja.

Lakini mzee wa kiwanda naye ana haki zake. Mwanafunzi anamuunguzia mkaa, anamharibia chuma na kumpotezea saa. Mzazi anayemtupa mtoto pale mikono mitupu na kutegemea arudi fundi, naye anadhulumu.

Kwa hiyo pande mbili zikae, mashahidi wawili wawepo, na karatasi iandikwe. Iseme kijana atafundishwa nini na kwa muda gani. Itaje saa za kazi, za masomo na za swala. Iseme nani atalipia dawa akiungua, na kijana atapata fungu gani kazi yake ikianza kuuzwa. Mzazi naye achangie gunia la mkaa na chuma chakavu kila mwezi. Misikiti yetu ina kamati za ndoa na za mazishi. Kuna ubaya gani kamati hizo zikasimamia na karatasi hizi?

Wazee wanaojua kazi hii wanaondoka, nao wanaondoka na ujuzi ambao hakuna kitabu kinachoweza kuubeba wote, kwa maana uko machoni na kwenye kifundo cha mkono. Mashine itakuwepo dukani mwakani. Mzee huenda asiwepo.

Basi mzazi ambaye mwanao ameitamani kazi hii, usimvunje moyo wala usimkopee. Mshike mkono, beba gunia la mkaa, nenda ukamsalimie mhunzi wa mtaani kwako.

Mwenyezi Mungu abariki mikono ya vijana wetu na awajaalie riziki ya halali. Aamin.

Wabillahi tawfiq.