Kadi Mpya ya Kompyuta: Ni Haja au Ni Pambo?



Jioni moja baada ya swala ya Isha, mpwa wangu alinisubiri nje ya msikiti wetu hapa Ilomba, akiwa na simu yenye picha ya kitu ambacho nilikidhania kipande cha injini ya gari. "Shikamoo mjomba," aliniambia, "naomba dakika tano tu." Dakika tano hizo zilikwisha saa nne za usiku.

Kitu chenyewe kilikuwa kadi ya grafiksi, yaani kile kifaa kinachopachikwa ndani ya kompyuta ili kiibebee kazi ya kuchora picha kwenye skrini. Kijana huyu ana kibanda maeneo ya Sae, ambamo huhariri video za harusi na maulidi na kutengeneza kadi za mialiko. Kadi aliyoitamani ni RTX 5070 ya kampuni ya Nvidia, iliyotangazwa Januari 2025 kwa dola 549. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 1,372,500. Lakini bei ya tangazo la Marekani haina usafiri ndani yake, wala kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, wala faida ya mwagizaji, wala nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Kariakoo alitajiwa milioni mbili na laki moja.

Mkononi alikuwa na milioni moja na laki mbili. Laki tisa zilizopungua alikwisha kuziulizia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Kisha akakumbuka kwamba msikiti una mfuko wa qardhi hasana, na kwamba katibu wa kamati ni mjomba wake.

Lengo lake lilikuwa uhalisia pepe: ile miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili, ukajiona umesimama mahali usipokuwapo. Alikusudia watoto wa mtaa walipe kidogo ili waingie, na wanafunzi wa madrasa waonyeshwe Makka kabla hawajajaaliwa kuiona.

Nilipolifikisha ombi kwenye kamati, mzee wetu mmoja alilikata kwa neno moja: "Michezo." Nakiri kwamba nami nilielekea kukubaliana naye. Hata hivyo, fedha ya mfuko ni amana, na amana hailindwi kwa kukataa tu, bali hulindwa kwa kupima. Nikaomba wiki moja.

Chuoni tulifundishwa mpangilio ambao Imam al-Shatibi, aliyefariki mwaka 1388, aliueleza kwa kina: mambo ya mwanadamu yana daraja la dharura, daraja la haja, na daraja la mapambo. Pambo si haramu kwa kuwa ni pambo. Kosa ni kuligharimia kwa fedha ya dharura, au kulifikia kupitia mlango wa riba. Basi nikamuuliza mpwa wangu maswali matatu.

La kwanza: je, kadi uliyonayo imeshindwa kazi gani? Anayo GTX 1060 yenye gigabaiti 6, aina iliyotoka mwaka 2016. Hapa ndipo nilipojifunza jambo. Miwani ya uhalisia pepe huhitaji picha mbili kwa wakati mmoja, kila jicho na yake. Miwani ya Oculus Rift na HTC Vive iliyotoka mwaka 2016 ilichora picha hizo mara 90 kwa sekunde, ilhali filamu ya sinema huridhika na 24. Kompyuta ikichelewa, picha huachana na mwendo wa kichwa, na mvaaji hupata kizunguzungu. Kwa hiyo kadi si urembo katika jambo hili. Lakini hata mchezo wa Half-Life: Alyx, uliotengenezwa mahususi kwa miwani hiyo mwaka 2020, uliitaja GTX 1060 yenye gigabaiti 6 kuwa kiwango cha chini kinachotosha. Miwani ya karibuni hudai zaidi, ila kadi yake haikuwa imekufa.

La pili: miwani yenyewe iko wapi? Akanyamaza. Alikuwa ananunua tandiko kabla ya punda. Tena ipo miwani inayojitegemea, yenye kichakato chake ndani, isiyohitaji kompyuta kabisa. Quest 3S ya kampuni ya Meta ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299, kiasi kinachokaribia nusu ya bei ya ile kadi peke yake. Na kadi ile ina mzigo mwingine: hula hadi wati 250, na watengenezaji hupendekeza pawa saplai ya wati 650. Ya kwake ni ya wati 450. Hiyo nayo ingebidi ibadilishwe.

La tatu: nani atakuja, na atalipa nini? Watoto aliowategemea wengi ni wa miaka saba, minane. Meta kwa muda mrefu iliweka umri wa kuanzia miaka 13, na mwaka 2023 ikaushusha hadi 10, kwa idhini na usimamizi wa mzazi. Biashara yake ingesimama juu ya wateja ambao mtengenezaji mwenyewe hawataki.

Kuhusu madrasa, nilimkumbusha ya Desemba 2021, pale Saudi Arabia ilipozindua mpango wa kulionyesha Jiwe Jeusi kwa uhalisia pepe. Watu wengi wakauliza kama hiyo ni ziara, na Februari 2022 mamlaka ya dini ya Uturuki, Diyanet, ikaeleza kwamba kuizuru Kaaba kwa njia hiyo hakuwezi kuhesabiwa kuwa Hija. Kama chombo cha kufundishia, hakina ubaya. Lakini wanafunzi wetu bado hugombania misahafu, na mfano wa Kaaba wa maboksi tunaotumia kila mwaka umewafundisha wengi kutufu.

Ndugu msomaji, bei za vifaa hivi nazo zina historia ya kumfundisha mtu subira. Mwaka 2021 kadi ya RTX 3060 ilitangazwa kwa dola 329, lakini madukani iliuzwa kwa bei ya juu mno, kwa kuwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizinyakua kadi na viwanda havikutosheleza soko. Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo, mahitaji yalipungua na kadi zilizotumika zikamwagika sokoni. Aliyekopa kununua kileleni alibaki na deni la kitu kilichoshuka thamani.

Hata hivyo mpwa wangu hakuwa amekosea kote. Alinionyesha kwamba kadi hiyohiyo huharakisha kazi ya video, na hiyo ndiyo riziki yake. Tukaketi kibandani tukaitazama kompyuta ikifanya kazi. Kilichoichelewesha ni ramu ndogo na diski ya zamani. Kamati ikamkopesha laki tatu bila riba, arejeshe kwa miezi sita. Akanunua ramu na diski ya SSD, na milioni yake na laki mbili zikabaki salama. Kausha damu hakurudi kwao. Kadi ataitazama tena siku kazi itakapokataliwa kwa kukosa kadi.

Nilidhani mambo yamekwisha. Alipokuja kurejesha fungu la kwanza, aliniuliza kwa adabu: "Mjomba, mwaka jana kamati ilipobadilisha vipaza sauti vya msikiti, vile vya zamani vilikuwa vimeshindwa kazi gani?"

Sikuwa na jibu. Vya zamani vingali stoo, na vinalia. Nimeyaandika maswali yake na yangu kwenye ajenda ya kikao kijacho, yakiwa namba moja.

Wabillahi tawfiq.